Kazi ya Kuupa Mpira Mgongo

Wanangu mnaoanza kazi, nimewaona. Juzi nilikuja uwanjani kama mtazamaji, na tiketi yangu na mto wangu wa kukalia, na mmoja wenu, binti mwembamba wa rasta fupi, aligeuka kutazama kona. Aliiba jicho moja tu, akarudi haraka, akajifanya anakohoa. Weee! Nilicheka mpaka jirani yangu akaniuliza kama niko salama. Sikwenda kumshitaki. Niliona heri nikae niwaandikie.

Mimi ndiye Mama Thandi. Nilizaliwa Morogoro, nikaolewa na kijana wa Kizulu aliyekuwa uhamishoni kule, na nchi yao ilipokombolewa tukahamia Johannesburg na mtoto mgongoni na masufuria mawili. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mlinzi wa jukwaani. Kazi yenyewe haina maelezo marefu: mechi inachezwa nyuma yako, wewe unatazama watu. Dakika tisini unatazama watu. Zikiongezwa thelathini, unaendelea kutazama watu, na ole wako ugeuke.

Baba Thandi, mume wangu, ni shabiki wa kupindukia. Siku moja narudi nyumbani, miguu imevimba, namkuta amesimama mlangoni ameshika kichwa. “Mke wangu,” ananiambia, “nimekuona kwenye televisheni. Kijana amewapiga chenga wanne, amefunga bao la ajabu, na wewe uko pale pale nyuma ya goli, umemkodolea macho mtu anayekula mguu wa kuku!” Nikamwambia yule wa kuku alikuwa ameficha chupa ndani ya soksi. Hakutaka kusikia. Aliwapigia simu ndugu zake wote hadi Durban kuwaambia ameoa mwanamke asiye na moyo.

Sasa sikilizeni, kwanza miguu. Usikaze magoti. Ukiyakaza unazirai kabla ya kipindi cha pili, na nimeona wanaume wenye vifua vipana wakienda chini kifudifudi huku mashabiki wakiwapigia makofi. Legeza magoti, hamisha uzito taratibu, chezesha vidole ndani ya viatu. Viatu vizidi saizi moja, soksi ziwe mbili. Maji unywe kidogo kidogo, maana choo kiko mbali na mkuu wako hana huruma.

Getini nako kuna mambo. Siku hizi mna mashine zinazolia na kamera kwenye kila nguzo. Sisi tulikuwa na mikono na pua. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila mechi na mtoto mgongoni, amefunikwa vizuri kwa blanketi, hatingishiki wala halii. Nikawa namsifu: jamani, mtoto mpole huyu! Mechi ya nne mkuu wangu, Ma Dlamini, akasogea, akanusa, akasema kwa upole, “Naomba nimbebe kidogo.” Mtoto alikuwa kuku wawili wa kuchoma na sufuria ya ugali. Yule mama hakuona haya hata chembe. Alisema tukitaka tule naye, ila paja lina mwenyewe.

Ma Dlamini huyo ndiye aliyenifunza kazi. Mwanamke mfupi wa Soweto, mwenye sauti ya kusimamisha magari kwenye robot, taa za barabarani tunavyoziita huku, hata ikiwa ya kijani. Mwaka wangu wa kwanza nilimtia aibu kubwa. Ilikuwa mechi ya mahasimu, watu wamejaa hadi ngazini, na nyuma yangu ikatolewa penalti. Nikasema moyoni, Mungu wangu, penalti moja tu! Nikageuka. Nikaona mpigaji anarudi nyuma, nikaona kipa anacheza ngoma kwenye mstari, nikaona wavu unatikisika. Nikapiga kigelegele, wanangu. Kigelegele cha Morogoro, nikiwa na kizibao cha kazi! Niliporudisha uso jukwaani, mwanamume aliyekuwa amekaa mbele yangu hayupo. Alikuwa katikati ya uwanja, amevaa suti ya harusi, anamwomba mfungaji ambariki.

Ma Dlamini alinijia taratibu. “Umeliona bao?” Nikasema ndiyo. “Zuri?” Nikasema zuri sana, Ma. “Eish, basi lifurahie vizuri, maana ndilo la mwisho utakaloliona ukiwa kazini.” Akanipeleka kulinda vyoo mechi tatu. Nililia, halafu nikacheka, kwa sababu hata vyooni watu walikuwa wakiniuliza matokeo.

Niliporudi jukwaani ndipo alipoanza kunifunza kweli. Alisema, hukosi mpira, unao mbele yako, jifunze tu kuusoma. Na kweli! Macho ya watu yakienda kushoto na videvu vikapanda, hiyo ni krosi. Wakivuta pumzi wote pamoja, jukwaa likawa kimya kidogo hivi, mtu yuko peke yake na kipa. Wakiinuka nusu na kukaa, imetoka nje. Anayeangalia chini kabla ya shuti ni yule aliyeumizwa na timu hii miaka mingi. Baada ya miaka mitano nilikuwa naweza kumsimulia Baba Thandi mechi nzima, na hakuamini kwamba sikuiona. Mlinzi asiyejua mpira unakwenda wapi hajui watu watafanya nini dakika inayofuata, kwa hiyo someni, wanangu, someni nyuso, ni sehemu ya kazi.

Ujuzi huo ndio ulioniingiza katika ugomvi wa Fiston, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Sisi waswahili wa hapa tuna timu yetu ya Jumapili, inaitwa Majirani. Wamo Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, kila mtu na Kiswahili chake. Ina desturi ambayo sijaiona popote: mabeki wanachaguliwa na kocha, washambuliaji wanachaguliwa na mashabiki. Kocha alichoka kutukanwa, akasema, “Mbele chagueni wenyewe, mnipumzishe.” Basi kila Ijumaa baada ya sala tunakutana mtaa wa Mayfair, kwenye mgahawa wa Msomali mmoja mvumilivu, tunabishana mpaka chai inapoa. Na kuna sheria juu ya sheria: mshambuliaji akicheza mechi kumi bila bao, siku hiyohiyo ya mechi ya kumi inapigwa kura ya mikono pembeni ya uwanja, abaki au atoke. Mikono ya kumbakisha ikiwa michache, anavua jezi na kuirudisha. Si mchezaji wetu tena.

Fiston alikuwa namba tisa wetu. Mtu wa Bukavu, miaka thelathini na kidogo, mrefu, mpole mno. Alikuwa mlinzi kama mimi, ila yeye alilinda geti la ghala kule Midrand, zamu za saa kumi na mbili mfululizo, peke yake na malori. Aliniambia mara moja kwamba wiki nzima madereva humwita “security”, na Jumapili ndiyo siku pekee mtu anamwita kwa jina lake. Ndugu hana hapa. Majirani ndio aliokuwa nao. Na alikuwa amecheza mechi tisa, bao hakuna.

Ijumaa ile mgahawa ulijaa mpaka mwenyewe akahamishia sufuria la chai nje. Yeye Fiston hakuwepo, alikuwa zamuni, na nikashukuru. Mwalimu Otieno alifungua daftari. Huyu ni Mkenya, anafundisha hesabu za takwimu chuo kikuu pale Braamfontein, na kila mechi anaandika. “Wacha niwaambie,” akasema, “mimi siongei na hisia, naongea na hesabu. Mechi tisa, mabao sufuri. Mashuti mawili. Moja ilienda juu, ingine iligonga gari ya pasta. Mshambuliaji hupimwa na nini, kama si mabao?”

“Na umbo!” akadakia Papa Kasongo. Huyu ni fundi cherehani wa Lubumbashi, ndiye anayetushonea na kututunzia jezi. “Mushambuliaji, jezi inapashwa kumukaa muzuri huku kwa mabega. Ya Fiston inamukaa muzuri sana, minakubali, mais, lakini huyu muntu anakimbia kwenda wapi? Mupira iko huku, yeye anaenda kule!”

Watu wakaangua kicheko. Msusi mmoja wa Kigoma akasema hapana, mshambuliaji apimwe kwa hasira zake akipokonywa mpira, na Fiston hana hasira, huomba radhi. Mwingine akasema apimwe kwa pasi. Mwingine kwa rafu anazochezewa. Kelele, vikombe, mikono hewani! Mimi nimekaa kimya na sambusa yangu, lakini nilijua kitu.

Nikasimama. “Fiston ndiye mshambuliaji bora tuliye naye.”

Papa Kasongo akaniuliza taratibu, “Mama Thandi, wewe umemuona akicheza?”

Hapo ndipo waliponimaliza. Maana wote walijua! Mazoea mabaya, wanangu: hata Jumapili, siku ya mapumziko, nilikuwa nasimama pembeni ya uwanja nimewageukia mashabiki. Nilishajaribu kutazama mpira kama mtu mwingine, nikawa najisikia naiba. Kwa hiyo ni kweli, mechi tisa zile sikumwona Fiston akipiga mpira hata mara moja.

“Sijamwona,” nikasema, “lakini nimewaona wanaomwogopa.”

Wakacheka mpaka mwenye mgahawa akatoka kuangalia kama kuna msiba. Ngoja, nikasema, ngojeni niwaambie. Mashabiki wa timu pinzani husimama upande ule ule wetu, kulia kwangu. Mechi zote tisa nimewatazama. Kabla ya bao letu kuingia, kwanza wao huinua vidole. Wanaonyesha mtu, wanawapigia kelele mabeki wao: “Tisa! Mshikeni tisa!” Vidole vyao vinakwenda pembeni kabisa, macho yanavifuata. Halafu ninyi wetu, kushoto kwangu, mnainuka mkitazama katikati. Bao. Vidole kwanza, bao baadaye. Maana yake mabeki wawili wanamfuata Fiston pembeni, namba saba anabaki peke yake. Sasa mnamshangilia namba saba, na huyu mnataka kumvua jezi!

Mwalimu akagonga kalamu mezani. “Hiyo haiko kwa daftari, Mama.”

“Kwa sababu na wewe unatazama mpira.”

“Hakuna mtu anaeza pima mchezaji kwa vidole vya watu.”

“Basi Jumapili usitazame. Simama na mimi kipindi cha kwanza, uupe uwanja mgongo, uhesabu vidole. Ukiona nimedanganya, mkono wa kwanza wa kumtoa Fiston utakuwa wangu.”

Mgahawa ukalipuka. Mwalimu akatazama huku na huku, akaona hana pa kutokea, akasema sawa. Nilirudi nyumbani nimejawa na furaha na hofu, kwa sababu niliweka mkono wangu rehani juu ya mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheza. Usiku ule nilimwuliza Baba Thandi mshambuliaji hupimwaje. Akasema kwa mabao, mwanamke, kwani kwa nini kingine? Sikulala vizuri.

Jumapili tulicheza na timu ya mafundi magari. Mwalimu alikuja na daftari jipya. Nikampanga: legeza magoti, mikono nyuma, kidevu juu. Kipenga kikalia, na sijawahi kuona msomi akiteseka vile! Kila mpira ukigongwa shingo yake inataka kugeuka yenyewe. Nilimshika bega. “Mwalimu!” “Naangalia saa tu.” “Saa iko mkononi, haiko golini.” Papa Kasongo kutoka upande wetu alikuwa anamfanyia makusudi, anaruka na kujishika kichwa wakati hakuna kinachotokea. Mwalimu jasho linamtoka. “Mama, kumetokea nini? Aki niambie!” “Soma nyuso.” “Hii ni mateso.” “Hii ni kazi, baba.”

Dakika zikapita, hakuna kitu. Nikafikiri, Mama Thandi, leo ndio leo, utainua mkono wako mwenyewe kumtoa yule mtoto wa watu.

Kisha kulia kwangu bibi mmoja wa mafundi magari, ana sahani ya viazi mapajani, akasimama na sahani ikaanguka. Akanyoosha kidole. “Tisa! Tisa!” Wa pili akanyoosha. Wa tatu. Vidole vyote pembeni, pembeni kabisa, na mzee mmoja anapiga kelele jina la beki wake kama anamwita toka ng’ambo ya barabara kuu. Mwalimu akanishika mkono, kalamu imemdondoka. “Mama! Vidole!” “Subiri.” “Vidole kumi! Kumi na mbili!” “Subiri, tazama kushoto sasa!” Na kushoto Majirani wote wakavuta pumzi, macho katikati, kimya kidogo, kidogo tu, halafu wakainuka kama mtu mmoja. BAO!

Mwalimu akaruka juu, akanikumbatia, miwani ikamtoka usoni. “Nimeliona!” anapiga kelele. “Nimeliona!” Bao lenyewe limefungwa nyuma yake na namba saba, na yeye hajaona hata kiatu. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Kipindi cha pili nilimruhusu ageuke. Alikataa. Tukapata la pili vilevile, na Mwalimu akalitangaza kabla halijaingia, watu wakadhani ni mchawi.

Mechi ikaisha mbili bila. Watu wanacheza, vuvuzela zinalia, na mimi namtafuta Fiston. Alikuwa ameshavua jezi. Ameikunja vizuri, mikono ndani, namba juu, amemkabidhi Papa Kasongo. “Shika, Papa. Sitaki kungojea mikono.” Amesimama na fulana ya ndani, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayejizuia, na jamani, liliniuma. Mtu ameshinda mechi na anaaga.

“Hakuna mtu anaenda mahali!” Mwalimu akapasua umati, miwani imekaa upande. Akawaeleza. Akaeleza vidole, akaeleza mabeki wawili, akaeleza nafasi ya katikati, akachora kwenye daftari, akamvuta hata yule bibi wa viazi aje kutoa ushahidi. Bibi akasema, “Hau, huyo tisa wenu? Huyo ndiye tunayemwogopa, ana hila mno, hujui anakwenda wapi.” Papa Kasongo akaitazama jezi mkononi mwake, akaikunjua, akaikung’uta vumbi. “Wa kumubakisha, inua mikono,” akasema, na wa kwake ukawa wa kwanza. Ikapanda yote. Hata wa kocha, ambaye hana kura.

Wakamvalisha wenyewe, wakamrusha hewani mara tatu, mara ya tatu nusura wamwangushe. Alipopata upenyo akanijia, akanivuta kando nyuma ya gari. Nilidhani anakuja kushukuru. Macho yamemtoka.

“Mama,” akaninong’oneza, “ile Mwalimu amesema, ni kweli? Miye njo nafanya vile?”

“Kila mechi, mwanangu. Unawavuta mabeki pembeni, wenzako wanafunga. Uliwaza vipi jambo zuri hivyo?”

Akatazama huku, akatazama kule. “Mama, miye sikuwaza kitu. Niko naogopa mupira. Ikikuja, magoti inalegea, ninasema nitakosa, watu watacheka. Njo maana nakimbilia kule mbali, asinione mutu wa kunipatia pasi.”

Nilimtazama. Akanitazama. Tulianza kucheka pamoja, tukashikana ili tusianguke, na yeye machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli, si ya kicheko peke yake. Akaniuliza kama itabidi akawaambie wale watu ukweli. Kule mbele walikuwa wanaimba jina lake, Fiston, Fiston, kwa Kiswahili cha nchi nne.

Nikamfuta uso kwa kanga yangu, nikamnyooshea jezi mabegani. “Usithubutu,” nikamwambia. “Na Jumapili ijayo, mwanangu, uogope zaidi.”